Herufi Mbili

Ruta inapepesa taa ya rangi ya chungwa
juu ya kabati la vikombe, ghorofa ya tatu,
mtaa wa Hilltown, mjini Dundee.
Nje mvua inanyesha kiubavu, ndivyo inavyonyesha hapa.
Mimi ni mkalimani wa simu. Kazi yangu
ni kubeba maneno ya watu bila kumwaga.

Jumatano nilimwaga.

Daktari alisema, nami nikamwambia Mzee Byamungu,
mzaliwa wa Uvira, mwenye uvimbe shingoni:
"Si saratani."
Ikafika "saratani".

Pakiti moja tu ilianguka njiani,
herufi mbili na pumzi kidogo.
Nikasikia kiti kikiburutwa sakafuni,
kisha mtu mzima akilia kwa sauti ya chini,
nami huku napiga kelele, si, si, si,
zote zikienda nisikokujua.
Sekunde arobaini, mpaka nilipoipata simu ya mkononi
chini ya mto wa kochi.

Nikawapigia kampuni.
"Zima ruta, hesabu thelathini, washa."
Nimezima. Nimehesabu kwa Kiingereza, kwa Kiswahili,
kwa Kisambaa cha bibi yangu Lushoto.
Nimebadilisha waya, nimebadilisha tundu la ukutani,
nimeitenga ruta na mikrowevu
kama mtoto mwenye surua.
Waliosema aulizaye hapotei
hawakuwahi kuwekwa kusubiri na muziki wa filimbi.

Mara ya tisa, saa nane usiku, akapokea Eilidh.
Jina lake lina herufi sita, mdomoni hufika nne:
Eili. Zile mbili za mwisho hudondoka
na hakuna anayezililia.
Nikamwambia hivyo. Akacheka.
Wala hakusema zima.
Akasema, "Nisomee njia."

Nikamsomea kutoka kwenye skrini, kidole juu ya kioo.
Hatua ya kwanza, ruta yangu, milisekunde moja.
Ya pili na ya tatu, lile kabati la kijani kona ya barabara,
au kitu kinachokaa nyuma yake.
Ya nne Edinburgh. Ya tano London.
Ya sita Frankfurt.
"Frankfurt?"
"Frankfurt."
Ya saba: nyota, nyota, nyota.
Ndivyo mashine inavyoandika ikiita isiitikiwe.

Na hospitali naiona
nikisimama juu ya ukingo wa bafu,
taa zake kule magharibi. Kwa basi, dakika ishirini.

"Hiyo ni njia ya kwenda," akasema.
"Ya kurudi huwezi kuiona ukiwa kwako. Ngoja."
Kibodi. Kikombe kikiwekwa mezani.
"Kurudi wanakuja moja kwa moja, safi kabisa.
Wewe ndiye unayezungushwa."

Kumbe.
Ndiyo maana kilio chake kilinifikia chote,
hakikupungua hata kikwifukwifu.

Jumanne usiku walikuwa na matengenezo.
Mtu alikosea tarakimu moja kwenye orodha ya njia,
na nusu ya mtaa wetu ikapelekwa Ujerumani
kufuata kilichoko jirani.
Eilidh akamwamsha mhandisi, Gregor wa Perth,
ambaye nilimjua kwa miayo tu.
"Jaribu sasa."

Hatua tano. Nyota hakuna.

Kwa usumbufu watanipunguzia pauni nne kwenye bili;
nikapiga hesabu, pauni mbili kwa kila herufi.
Mzee Byamungu hamo kwenye bili.

Ijumaa, mgonjwa mwingine, mama wa Bujumbura.
Laini imetulia kama maji mtungini.
Daktari akasema hapana, nikasema hapana,
nikanyamaza kidogo, nikasema tena hapana.
Muuguzi akauliza mbona ninarudia.
Nikamjibu, ndiyo desturi ya lugha yetu.

Si kweli.
Si.