Punje za Nyari

Aprili, ukingoni mwa Nyari, Marafa,
jua halijakaza.
Mfuko wa kulia nimeujaza mahindi:
kila vipanga kumi, punje moja
inahamia mfuko wa kushoto.

Nyevu ana macho. Mimi nina subira tu.
"Kule, kwenye lile wingu lililochanika!"
Naona vumbi.
Vumbi linazunguka, linapanda bila kupiga bawa,
kisha linamwagika kaskazini
kama pishi ya mtama iliyopinduka.

Punje. Punje. Punje.
Mmoja akageuka, akarudi kusini.
Nimtoe?
"Mwache," Nyevu akacheka, "kasahau kitu."

Adhuhuri korongo likawaka wekundu,
shingo zikagoma kuinama.
Mfuko wa kushoto ulinigonga paja njia nzima.
Nitazihesabu nyumbani, nilisema,
nikazimwaga unguni, nikaenda kuoga.

Niliporudi, yule tembe wa mama,
aliyepokonywa vifaranga watatu na mwewe juzi,
alikuwa anafuta mdomo mchangani,
kushoto, kulia,
taratibu, kama aliyelipwa deni.

Daftarini nimeandika tarehe, upepo, mawingu.
Penye idadi:
aulizwe kuku.