Mshenga wa Fedha

Brno, wiki ya sita. Theluji imeziba dirisha.
Chini ya hadubini ya Zdislava
tone ni tone tu.

Nyuzi za DNA hazikaribiani:
kila uzi na chaji hasi mgongoni,
zasukumana kama ndugu waliogombea urithi.
Na sitosini haiposi sitosini mwenzake,
haijapata kusikika.

Basi akatia fedha.
Si ya kuhesabu: ioni,
chembe chache za chaji chanya,
zikaketi katikati,
zikashika mkono huku, zikashika mkono kule.
Mshenga hana maneno mengi.

Leo, kona. Kisha kona ya pili.
Pembe tatu kali, zang'aa.

Hynek wa usafi akachungulia, fagio kwapani:
"Chumvi hiyo."
Zdislava akacheka hadi miwani ikaloa.