Kidole Gumba

Novemba, saa sita usiku, ghorofa ya nne.
Nimeketi kwenye kiti nilichoking'oa katika Opel iliyokufa,
usukani umekazwa kwa skrubu kwenye meza ya chakula,
na kanyagio la breki, kila nikilikandamiza,
linamwamsha Skaidrīte wa chini.
Hugonga dari kwa mpini wa ufagio:
kona ya pili, ko.
Kona ya tano, ko, ko.
Maskini, naye ameshaijua njia.

Mizunguko mia nane na arobaini,
nimeihesabu kwa penseli nyuma ya mlango wa stoo.
Naujua msitu wa Biķernieki kuliko ngazi za nyumbani:
msonobari uliopinda, achia mafuta;
bango la buluu, kanyaga;
ufa wa lami wenye umbo la samaki,
hapo geuka, usiwaze, geuka.

Aprili nikaenda kwenyewe,
na mshahara wa miezi miwili ndani ya bahasha.
Tālivaldis, mwalimu, mtu wa kupima maneno kwa kijiko,
akazitazama sugu za viganja vyangu.
"Umewahi kuendesha hapa, Vizma?"
Nikasema ndiyo.
Nikasema hapana.
"Basi twende tukaone ni nani kati yenu wawili
anayesema kweli."

Mzunguko wa kwanza macho yalinitangulia.
Msonobari upo. Bango lipo, limepauka.
Samaki wangu yupo, amenenepa kwa theluji za miaka miwili.
Kufikia mzunguko wa tatu
Tālivaldis aliachia mpini wa mlango.

Lakini hakuna aliyeniambia habari ya shingo,
kwamba kichwa kina kilo zake, na kofia zake,
na kona huzidai zote kwa mpigo mmoja.
Hakuna aliyeniambia gari husema kwa makalio
kabla halijasema kwa sikio,
lugha ambayo kiti cha Opel, mezani kwangu, ni bubu.
Kule nililiendesha kama mzigo wa mwenzangu, kanda la usufi.
Hapa lilikuwa tani nzima
na tani yote ilikuwa yangu.

Mzunguko wa sita, kona ya tano, kivulini,
lami bado ina unyevu wa usiku.
Mkia ukatoka kuniaga.
Mikono ikaurudisha usukani, yenyewe, upesi,
hofu haijavaa hata viatu.
Gari likanyooka.
Hili ni la Novemba, silikani.

Mzunguko wa saba, pale pale, nikataka kuonyesha.
Gari likazunguka kama sarafu mezani,
likajipigiza ubavu kwenye rundo la matairi,
kisha kimya, kimya chenye harufu ya mpira na utomvu,
na mimi nikamwona kidole gumba wangu wa kulia
akipapasa usukani.
Akipapasa tena.
Akitafuta kitufe,
kile cha kuanza upya.

Tālivaldis alimwona pia. Hakucheka.
"Hicho," alisema, "hatukuwekewa."

Kioo cha pembeni, euro mia na arobaini.
Mlango, bado tunabishana.

Wenzangu wa kiwanda cha mikate huniuliza:
ile michezo ya skrini, kweli inasaidia?
Nawaonyesha bega, lina rangi ya bilingani.
Halafu nawaonyesha karatasi ya muda:
sekunde nne mbele ya mwanamume
aliyekuja na gari la bei mara tatu ya langu.
Wanatazama bega, wanatazama karatasi,
wanarudi kwenye unga.

Jana usiku nikaketi tena mezani.
Kitufe nimekibandika plasta.
Kona ya tano, kivulini,
mahali ambapo skrini haijawahi kujua unyevu,
mguu wangu ukainuka wenyewe, mapema,
ukaigusa breki kama mtu agusaye paji la mgonjwa.
Nikapoteza nusu sekunde.
Chini, Skaidrīte alichelewa kugonga.
Akagonga mara moja tu, taratibu,
kama mtu aliyepotea njia.