Ufunguo wa Pili

Waliniuliza: una mwaka mmoja wa kujitolea?
Nikasema ninao, kama mtu aliyeulizwa chenji.
Huu sasa ni wa sita.

Nilikuwa karani wa bili za maji, miaka ishirini na saba,
nikidhani mtu naye husomwa kama mita:
unainama, unapangusa kioo, unaandika namba,
unakwenda nyumba ya pili.

Ngowa alitoka kituo cha watoto kule Tudor
siku ya nne baada ya kutimiza kumi na minane,
na godoro lililokunjwa, blanketi, cheti cha kidato cha nne,
na barua yenye muhuri isemayo amelelewa vizuri.
Tarehe ya kuzaliwa alipewa na askari aliyemwokota.
Hata hiyo kumi na minane ni ya kukisia.

Tukampatia chumba Mishomoroni, mlango wa bati,
kufuli mpya yenye funguo mbili.
Akaushika mmoja, akaugeuzageuza:
maisha yake yote milango ilifunguliwa na wengine.
"Na huu mwingine ni wa nani?"
Nikajifanya natafuta msumari wa kutundikia kioo.

Jumamosi ya kwanza alinipikia ugali.
Sufuria ya kuazima, kubwa kama beseni, kilo tatu za unga.
Kule kituoni alizoea kumsaidia mpishi kusongea watoto tisini;
kipimo cha mtu mmoja hakukijua.
Tukala, tukagawia jirani,
tukagawia na kuku wa jirani.
Usiku akanipigia simu:
"Bi Swafiya, naweza kuzima taa?"

Kisha kitambulisho.
Fomu yataka jina la mama. Karani, karani mwenzangu,
hakuinua uso: "Asiye na mama hakuzaliwa."
Ngowa akatazama viatu vyake.
Nami niliyewahi kuwatolea watu maneno kama hayo
kupitia kidirisha kama kile
nikarudi kesho yake, na Alhamisi, na wiki iliyofuata,
kwa chifu, kwa wakili wa kiapo, tena dirishani,
hadi muhuri wenyewe ukachoka.

Sikuwa mwema siku zote, nalo liandikwe.
Mwaka wa pili aliuza baiskeli niliyomnunulia.
Nikamwambia neno ambalo hapa silirudii.
Akazima simu miezi minne.
Wangu wa kuzaa akinyamaza, najua amenuna.
Huyu, sikujua kama amekwenda kwa kuwa hakuna wa kumzuia
ama ananipima kama nitamwita.
Kila Jumanne nikatuma ujumbe uleule:
Nipo. Leo ni mbaazi.
Jumanne kumi na sita za mbaazi.
Ya kumi na saba akabisha mlangoni kwangu Kibokoni, amekonda,
hakuomba radhi. Aliuliza: "Zimebaki?"
Akala amesimama. Alipotoka
niliona kitu juu ya friji, kando ya dawa zangu za presha.
Nikamkimbilia ngazini na ule ufunguo mkononi.
"Nikija kupoteza wangu," akasema,
kana kwamba tunazungumzia kufuli tu.

Watu wanasema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana.
Na mwenye kumpokea mwana akiwa na ndevu?
Methali haikufika huko.
Hatukumbuki homa yake ya surua, hakumbuki kofi langu.
Tulianzia katikati, kama wasomaji wawili
waliookota kitabu kisicho na jalada.

Siku hizi anatengeneza friji Kongowea.
Hapiti kwangu kila wiki, na mimi nimejifunza
kutohesabu.

Jana, saa mbili usiku, simu:
"Bi, mchele wa watu wawili ni vikombe vingapi?"
"Kimoja na nusu. Kwani una mgeni?"
Nikasikia maji yakimiminwa, kifuniko kikianguka,
na sauti nyingine, nisiyoijua, ikicheka mle ndani.
"Uoshe mara tatu," nikamwambia.