Mwimo wa Mlango

Saa kumi na moja jioni, Kayenze.
Simu nimeilaza juu ya betri za taa za dagaa,
mia tano kuchaji moja,
na ujumbe wa hali ya hewa umewahi kufika
kuliko wateja.

Upepo, kusini mashariki, utaongezeka saa sita usiku.
Mawimbi, mita moja nukta mbili.

Zamani niliusoma hivyohivyo
na Masatu, nahodha, akanikodolea macho
kama mtu aliyetajiwa bei ya ndege.
"Nukta mbili ndiyo nini, Nyamizi?
Ziwa lina nukta?"

Ndipo nikamwita mwanangu Kasubi,
nikamsimamisha kwenye mwimo wa mlango
pale ninapompima kila Pasaka,
nikavuta tepu ya cherehani,
nikapiga mstari wa chaki.
Tangu hapo hawaulizi mita.
Wanapita na makasia begani, wanauliza:
"Leo linamfika wapi?"

Kiunoni, wanakwenda wakipiga mluzi.
Kifuani, wanajikuna.

Leo linamfika machoni.

Masatu ameshika chaki yangu, ameigeuza,
ametazama maji yaliyotulia kama uji uliopoa,
ametazama mwimo.
Giza la mwezi huu limebakiza siku nne.
Akarudisha taa zake bila neno.
Mtumbwi wa kina Bwire ukasukumwa,
injini ikakohoa mara mbili, ikashika.

Usiku kucha nilisikiliza bati.
Halikugonga.
Saa sita, kimya. Saa nane, mbwa tu.
Kule mbali taa zao zimejipanga
kama mji uliohamia majini bila kuniaga.

Asubuhi kina Bwire wameshusha ndoo arobaini,
mchanga wote umeng'aa fedha.
Vijana wa Masatu walipita dukani kwangu
wakiangalia ukuta.
Tajiri wao akapiga simu kutoka Kirumba:
"Hizo namba zako, mama, zinapikwa na nini?"

Sikuwa na jibu. Upepo haukuandikiana mkataba na mimi.
Ila wote sita wamepita,
nimewahesabu migongo,
na heri mgongo ulionuna.

Kuna mstari mmoja pale mwimoni si wa chaki.
Ni wa mkaa, hauna tarehe.
Aliyeokolewa usiku ule
alinionyesha kwa kiganja kwenye fulana yake iliyolowa:
"Lilikuwa hivi, shemeji. Hivi tu."
Nikaenda nikapima hivi tu.
Mita moja na robo.
Kasubi alikuwa hajaanza kutambaa.

Nimechukua kitambaa, nimefuta wimbi la jana
ambalo halikuja.
Mtoto akaja na sare za shule, mkate mdomoni,
akajibandika mwimoni mwenyewe, visigino chini,
Pasaka bado.

"Nipime."

Ameupita mkaa
kwa vidole viwili.