Andalio la Somo

Tukuyu, siku ya tisa ya mvua.
Chaki imenyonya unyevu, inateleza ubaoni kama sabuni.
Kesho saa mbili nina wanachuo arobaini na sita,
walimu watarajiwa, makoti mazito, mafua,
na mada inasema: Chimbuko la Saikolojia na Mikondo Yake.

Nianzie wapi?

Kitabu kinaanzia Ujerumani, mwaka 1879,
chumba chenye saa na nyaya:
mtu anasikia mlio, anabonyeza,
mwingine anaandika sehemu ngapi za sekunde zimepita
kati ya sikio na kidole.
Hapo, kinasema, akili ilianza kupimwa.

Haikupita miaka mingi ndugu zao wakaupanda mlima huu,
wakajenga boma, wakatoza kodi ya kichwa.
Kichwa kilihesabiwa.
Kilichomo hakuna aliyekiuliza.

Bibi yangu Tupokigwe hakuwahi kumiliki saa.
Kila alfajiri alipita mlango kwa mlango:
Ugonile?
Umelala?
Na hakuondoka kwa kuitikiwa tu.
Alisimama, kanga imelowa umande mpaka magotini,
akingoja umwambie ulichokiota.

Hili halipo kwenye mtihani.

Anafuata daktari wa Vienna na kochi lake,
aliyemwona mtu kama nyumba yenye chumba chini ya ardhi.
Hapa chumba cha namna hiyo kingejaa maji.
Sisi tuna dari, juu ya jiko,
tunakoning'iniza mahindi ya mbegu,
na chochote unachokificha kule
kinashuka siku moja kimeshika harufu ya moshi.

Kisha mbwa na kengele.

Hapa kalamu inasimama.

Mwaka wangu wa pili kazini, darasa la tatu,
kulikuwa na mtoto akisikia viatu vyangu kwenye sakafu
anauficha mkono wa kulia kwapani.
Nilikuwa nimemchapa mara tatu. Labda nne.
Viatu havikuwa na fimbo,
lakini vidole vyake havikungoja fimbo.
Kichocheo, mwitiko: ndivyo tunavyofundisha.
Na yeye aliitwa Lwitiko.
Kwao jina hilo maana yake imani.

Kuna waliosema kitu kizima si vipande vyake vikijumlishwa.
Ni kweli; asubuhi ukungu unaacha bega moja tu la Rungwe
na macho yanamalizia mlima.
Mimi kwa yule mtoto niliona vidole
na sikumalizia chochote.

Waliofananisha akili na kompyuta nitawapa dakika tano.

Wale wengine, waliosema binadamu ana kimo chake
akiachwa akifikie, wananipa shida,
kwa sababu dirishani naona chai,
imekatwa kiunoni, kijani, sawasawa, kilima baada ya kilima.
Mchai usipochumwa unakuwa mti.
Unatoa maua meupe.
Nimeishi hapa miaka thelathini na minane,
nimeyaona mara moja, nyuma ya kiwanda kilichofungwa.

Kigiriki kilitumia neno moja kwa roho na kwa kipepeo.
Sisi tuna roho, nafsi, moyo, akili,
na mtu akitushinda kumwelewa tunasema: ana mambo yake.

Mwezi wa sita nilimkuta stendi, anauza maparachichi.
Nilivaa raba, hakunisikia nikija.
Ndevu zimeanza. Akacheka kwa meno yote:
Ugonile, mwalimu!
Akanichagulia manne yaliyoiva, akanirudishia chenji,
yote kwa mkono wa kushoto,
wa kulia ukiwa kwapani.
Baridi, mwalimu, akasema.

Na ilikuwa baridi kweli.
Hata wangu ulikuwa mfukoni.

Saa sita usiku. Umeme umekatika, nina mshumaa.
Nimeshafuta 1879 mara mbili
na mara mbili nimeirudisha.