Barua ya Kurasa Mbili

Felizarda, mjane wa kaka yangu, yuko Quelimane.
Anajua Kireno. Mimi najua Kiha na hiki ninachoandikia.
Barua ya hospitali ilitoka Foggia, kwa Kiitaliano,
ikaniangukia mimi, Butoyi, pacha wake,
kwa kuwa anwani aliyoiacha ni sanduku la posta la mama.

Wakili wa Mwanga alitazama muhuri, akatazama viatu vyangu:
"Mfasiri wa mambo ya tiba? Dar es Salaam. Laki mbili ukurasa."
Nikamshukuru.
Nikauliza stesheni, nikauliza bandarini,
nikauliza wauza simu wa Gungu wanaojua kila kitu.
Mmoja akaiweka barua kwenye programu; ikajibu
kaka yangu muda wake umekwisha,
kama maziwa ya pakiti.

Ndipo nikasikia habari za Sista Domitila wa Ujiji,
aliyesomea uuguzi Brescia,
na za Kigwinya, fundi friji wa Kibirizi,
aliyechimba rubi Montepuez miaka minane
akarudi na Kireno na goti bovu.

Tuliketi jikoni kwa Sista,
simu imeegemea chupa ya mawese, Felizarda yumo ndani.
Sista akasoma: *polmone*.
Hajawahi kutamka pafu
Kigwinya amekwisha kuruka: *pulmão!*
Na kule Quelimane mtu akavuta pumzi.
Maneno yao yalijuana kitambo, ndugu wa tumbo moja;
Kiswahili changu kikakaa katikati
kama mwenye nyumba anayengoja wageni wamalize kusalimiana.

Homa. Maji kifuani. Siku kumi na moja.
Kigwinya hakurembesha kitu.
Akikwama aligonga meza kwa kidole, nasi tukangoja.

Chini kabisa, kwa kalamu, si kwa mashine,
muuguzi fulani aliongeza mistari yake.
Sista akavua miwani, akaifuta, akaivaa.
"Usiku wa mwisho alirudia neno moja.
Tuliuliza wodi nzima. Tulitafuta mkalimani, hatukupata.
Tumeliandika tulivyolisikia, mtusamehe:
*muandiga*."

Kigwinya akanigeukia.
Simuni Felizarda anauliza, anauliza tena,
*o que é que ele disse?*

Mwandiga, njia panda,
mama akitushusha na mihogo kabla ya jua,
watoto wawili, kapu moja.

"Mwambie," nikasema, "ni kwetu."

Kigwinya akafungua mdomo. Akaufunga.
Akagonga meza kwa kidole.